Kula hali, kulala halali: ni mapenzi, ni mfungo au ni ugonjwa?

Ikitajwa riwaya yenye binti anayekataa kula, wasomaji wetu wanagawanyika palepale. Mmoja atasema huyo kaachwa, subiri apate mwingine uone atakavyofakamia ubwabwa. Mwingine atasema hapo kuna kitu kimemkalia, apelekwe kwenye maombi au asomewe dua. Wa tatu, na huyu ndo ana sauti kuliko wote, atasema haya mambo ni ya wazungu, mtoto wa Kiafrika ukimnyima ugali siku mbili atakula mwenyewe bila kubembelezwa. Mabishano haya yapo kwenye kila grupu la wasomaji na mwisho wake ni uleule, kitabu kinawekwa pembeni na binti wa kwenye kitabu anabaki hajaeleweka, na kinachoniuma zaidi ni kwamba kwenye grupu hilohilo unakuta kuna mdada kanyamaza kimya anapitia hizo komenti moja moja na stori ni yake.

Kwahiyo naomba tulifungue hili fundo taratibu, maana riwaya za namna hii zipo nyingi na wasichana wanazisoma kwenye simu usiku, na mimi naamini zikisomwa vizuri zinaweza kuokoa mtu.

Tuanze na maana kwanza. Tunaposema matatizo ya ulaji hatumuongelei mtu anayechagua chakula, wala bibi harusi anayepunguza mwili wiki tatu kabla ya sendofu ili gauni limkae. Ni ugonjwa, wa akili na mwili kwa pamoja, ambao chakula, uzito na umbo vinakuwa ndo mawazo ya kutwa na usiku mpaka masomo, marafiki, kazi na ibada vinasukumwa pembeni. Kuna anoreksia, hapo mtu anajinyima mpaka mwili unaisha na bado anaogopa kunenepa, anaweza kuwa amebaki mifupa na kwenye kioo anaona bonge. Kuna bulimia, hapo mtu anakula kingi kwa muda mfupi kama vile kashindwa kujizuia, halafu anakitoa kwa kujitapisha au kwa njia nyingine, na kesho yake inarudi hivohivo. Na kuna kufakamia peke yake bila kutoa, mtu anakula kwa siri mpaka anaumia tumbo halafu anabaki na aibu, na huu madaktari wa akili wa Marekani waliupa nafasi yake rasmi kwenye mwongozo wao mkuu mwaka 2013 tu, yani juzi. Wanaume wanaugua pia ila wengi wanaofika hospitali ni wasichana na wanawake vijana, na riwaya zinafuata njia hiyohiyo.

Hapo kwenye bulimia weka alama, maana watu wengi wanadhani mgonjwa wa ulaji lazima awe kimbaumbau. Hapana. Mwenye bulimia au anayefakamia anaweza kuwa na mwili wa kawaida kabisa, hata mnene, anacheka na watu, anaenda kwaya, anajibu meseji, na ndo maana nyumba nzima inaweza kukaa miaka bila kujua.

Sasa kwanini sisi wasomaji wa Kiswahili tunachanganyikiwa hasa? Kwa mawazo yangu ni kwasababu kutokula kwetu tayari kuna maana mbili kubwa na zote ni za heshima. Ya kwanza ni mapenzi. Tangu utotoni tumesikia kwenye hadithi na kwenye taarabu kwamba mwenye kupenda kula hali, kulala halali, na mtu akisema sili kwa ajili yako basi kamaliza kila kitu. Ya pili ni ibada. Tunafunga Ramadhani, tunafunga Kwaresima, kuna mfungo wa siku 21 makanisani, kuna kufunga kavu bila hata maji, na mtu anayefunga sana anasifiwa kuwa ana moyo wa Mungu. Ugonjwa ni kutokula kwa aina ya tatu, na unajificha nyuma ya hizo mbili. Binti mgonjwa akiulizwa mbona huli, majibu yapo tayari mdomoni, nina mawazo ya yule kaka au nimefunga, na hakuna mtu atakayemuuliza swali la pili.

Tofauti zipo lakini, na ukizijua unaisoma riwaya kwa macho mengine. Mwenye huzuni ya mapenzi hamu ya kula imemtoka kweli, chakula hakina ladha, na siku zikipita hamu inarudi yenyewe hata kama yule mtu hajarudi. Aliyefunga ana njaa ila ana mwisho, adhana ya magharibi ikiita anaftari kwa furaha na watu wake, tena anakula tende na uji na tambi bila kujihukumu. Mgonjwa hana mwisho. Mara nyingi njaa anayo tena kali, sio kwamba haisikii, ila hofu imesimama mlangoni na kila akitaka kula hofu inapanda kuliko njaa. Na akila anahisi kafanya dhambi. Mwanzoni yeye ndo dereva, kaamua mwenyewe kupunguza kidogo, baadae anajikuta abiria ndani ya gari lake mwenyewe na kila akigonga bati ashushwe gari halisimami, na hapo ndo wazazi wanaposema ana kiburi wakati mtoto kashapoteza usukani zamani.

Nikiulizwa tuanze na riwaya ipi, nasema Nervous Conditions ya Tsitsi Dangarembga wa Zimbabwe, iliyotoka mwaka 1988, kwasababu ndani yake mapenzi, imani na chakula vimekaa meza moja na meza yenyewe ni ya kwetu, ina sadza ambayo ni ugali tu. Dangarembga alianza kusomea udaktari Cambridge Uingereza, akarudi nyumbani mwaka 1980 na kusoma saikolojia Chuo Kikuu cha Zimbabwe, na hilo linaonekana, mwandishi anajua anachokiongelea.

Anayesimulia ni Tambu, binti wa kijijini aliyepata nafasi ya shule baada ya kaka yake kufariki mwaka 1968. Anaenda kuishi misheni kwa baba yake mkubwa, Babamukuru, mkuu wa shule, mtu aliyesomeshwa na wamisionari na anayelisha ukoo mzima. Huko anamkuta binamu yake Nyasha, aliyekulia Uingereza miaka kadhaa halafu akarudishwa, Kishona kimemponyoka na wanafunzi wenzake wanamuona anajidai. Nyasha anasoma sana, anauliza sana, anajibu sana. Baba yake anataka binti wa heshima maana yeye ndo mfano wa misheni nzima, na kwa huyu baba heshima, dini na utii ni kitu kimoja.

Kuna usiku wa dansi la shule, Nyasha anachelewa kidogo kurudi kwasababu kabaki nje anaongea na kijana mmoja wa kizungu. Hakuna kilichotokea zaidi ya maongezi. Baba anampiga na kumuita malaya, na binti anarudisha ngumi, jambo ambalo kwenye nyumba ile ni kama paa limeng'oka. Angalia hapo mapenzi yamechukua nafasi gani, hayajafika hata kuwa mapenzi, ni tuhuma tu, ila mwili wa binti ndo umeshawekwa mahakamani. Toka hapo vita inahamia mezani. Kuna jioni karudi amechelewa na hataki kula, baba anamwambia hawajiui kwa kazi ili yeye aje akidharau chakula, kaa chini ule, anamlazimisha mpaka sahani inaisha. Nyasha anakula yote. Halafu anaomba ruhusa, anaenda bafuni na anakitoa.

Soma hiyo sehemu polepole. Baba anaamini kashinda kwasababu sahani ni tupu. Binti anajua kashinda kwasababu tumbo ni tupu. Mama yake Nyasha, Maiguru, ana shahada ya uzamili na mshahara unaopotelea kwenye mipango ya mumewe, yupo hapohapo mezani na anajaribu kutuliza kwa maneno matamu. Tambu anaona yote na bado kwa muda mrefu anamuona Babamukuru kama mtu wa karibu na Mungu, kwahiyo anashindwa kumtetea binamu yake, na mimi nadhani huo ndo ukweli mchungu kuliko wote kwenye kitabu, kwamba watu wazuri wenye shukrani wanaweza kukaa meza moja na mgonjwa wasimuone.

Tena sio Nyasha peke yake ambaye mwili wake unaongea. Babamukuru anaamua kwamba mikosi ya ukoo inatokana na wazazi wa Tambu kuishi bila ndoa ya kanisani, kwahiyo anawaandalia harusi na shela, watu wazima wenye watoto wakubwa. Tambu anaona aibu kwa ajili ya wazazi wake ila hawezi kumpinga baba mkubwa kwa mdomo, basi asubuhi ya harusi mwili wake unagoma kuinuka kitandani. Na mama yake Tambu, binti yake alipopata nafasi ya kwenda shule ya masista, anaacha kula na kudhoofika. Dangarembga anatuonyesha wanawake watatu ambao sauti zao zimezibwa na miili imejibu, ila ni mmoja tu kati yao ambaye jibu hilo limegeuka ugonjwa wa ulaji wenyewe, na ukiwaweka watatu kwenye kapu moja utakuwa umekisoma kitabu nusu.

Mwishoni Nyasha anavunjika usiku mmoja, anachana vitabu vya historia kwa meno, na katikati ya ile hasira anasema baba yake hamchukii, ni wao wanaotaka amchukie. Wanampeleka Salisbury, ndo Harare ya sasa, na daktari wa akili wa kwanza, mzungu, anasema huyu binti hawezi kuwa anaumwa, Waafrika hawaugui namna hiyo, anafanya vituko, mrudisheni nyumbani mumkazie.

Sasa rudi kwenye yule anayesema haya ni magonjwa ya wazungu. Anadhani anatetea Uafrika wetu, kumbe anarudia kilekile alichosema daktari yule wa enzi za walowezi, kwamba Mwafrika hana undani wa kuugua akili. Nyasha alipata daktari mwingine baadae, naye mzungu kwasababu weusi hawakuwepo, ila huyu alimsikiliza, akalazwa wiki kadhaa kwenye kliniki. Na fikiria miaka yenyewe, stori inatokea mwishoni mwa miaka ya 60 na mwanzoni mwa 70, wakati bulimia ilikuja kuandikwa na kupewa jina na daktari Gerald Russell wa London mwaka 1979. Anoreksia jina lake ni la kitambo, ni la mwaka 1873 kutoka kwa William Gull, London hukohuko. Kwahiyo Nyasha alikuwa na ugonjwa ambao hata hao wazungu walikuwa hawajaupa jina.

Kuna ushahidi mwingine nje ya riwaya. Fiji, visiwa vya Pasifiki, ni jamii ambayo zamani mwili mnene ulikuwa sifa, ukipungua watu wanauliza nani hakulishi, kama kwetu tunavyosema umenawiri kwa maana ya umenenepa. Televisheni iliingia mkoa wa Nadroga mwaka 1995. Daktari wa Marekani Anne Becker alipima wasichana wa sekondari mwaka huohuo na akapima wengine mwaka 1998. Mwaka 1995 hakuna hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apunguze uzito, miaka mitatu baadae walikuwa asilimia 11.3. Weusi watupu, visiwani, wanakula mihogo na samaki kama watu wa Pemba. Ila msikimbilie kusema basi tatizo ni tivii na insta peke yake, maana Nyasha hakuwa na insta. Tafiti za mapacha zinaonyesha kuna kurithi ndani yake, kuna tabia ya mtu kutaka kila kitu kiwe sawasawa, kuna maneno ya nyumbani kuhusu miili, kuna kupigwa na kudhalilishwa, na picha za mitandaoni zinakuja kumwaga petroli juu ya hayo yote.

Kwetu kuna kitu kingine kinachofanya ugonjwa usionekane. Kwa watu waliokua miaka ya 90, kukonda kulimaanisha jambo moja tu, ameupata. Mpaka leo binti akipungua ghafla mtaa mzima unapima UKIMWI kwa macho, kwahiyo naye anajificha kwenye madera na majuba mapana, na mama anaogopa hata kuuliza asije akasikia jibu analoliogopa. Mtu anaweza kupimwa vipimo vyote, vikatoka safi, wakafurahi na wakarudi nyumbani, na ugonjwa wenyewe haujaguswa.

Tuje kwenye imani, na hapa naomba tuongee kwa adabu maana mimi ni mtu wa ibada na sipendi vitabu vinavyoicheka.

Wanaosema kufunga kwenyewe ndo kunaleta ugonjwa wanakosea. Mamilioni ya watu wanafunga kila mwaka na hawaugui. Ila wanaosema mwenye imani hawezi kuugua hivi nao historia inawakatalia. Katarina wa Siena, mtakatifu wa Italia aliyezaliwa mwaka 1347, alipofiwa na dada yake familia ilitaka kumuozesha, akakata nywele zake na kuingia kwenye kufunga kukali. Miaka ilivyoenda alikula kidogo mpaka karibu na hakuna kabisa, viongozi wake wa kiroho walimwambia ale na yeye akajibu hawezi. Alifariki mwaka 1380 akiwa na miaka 33. Wanahistoria bado wanabishana juu yake, mmoja, Rudolph Bell, aliandika mwaka 1985 kwamba ile ilikuwa anoreksia ya kitakatifu, mwenzake Caroline Walker Bynum akaja mwaka 1987 na kusema tusiwavalishe wanawake wa kale majina ya hospitali za leo, chakula kwao kilikuwa lugha ya kumpenda Mungu na kulisha maskini. Mimi naegemea kwa Bynum kwa habari ya kuhukumu, hatuwezi kumpima marehemu wa miaka 600, ila sentensi ile ya siwezi inanisumbua, maana anayefunga husema sitaki mpaka magharibi, na mgonjwa husema siwezi.

Kisa cha Sarah Jacob ndo kibaya zaidi. Mtoto wa Wales, miaka 12, wazazi wake walitangaza kwamba anaishi bila kula, watu wakawa wanatoka mbali kuja kuona muujiza na kuacha zawadi kitandani. Desemba 1869 manesi kutoka hospitali ya Guy's ya London waliletwa kumlinda usiku na mchana waone kama kweli hali. Alidhoofika mbele ya macho yao, na haikutimia wiki mbili akafa. Wazazi walifungwa. Emma Donoghue, mwandishi wa Ireland, alitumia visa vya wasichana wa namna hiyo kuandika riwaya ya The Wonder mwaka 2016, kuhusu nesi wa Kiingereza anayetumwa kijijini Ireland kumlinda mtoto anayesemekana anaishi kwa neema tupu. Sitakusimulia mwisho wake. Ila kiangalie jinsi kijiji kizima, padri, daktari na wazazi wanavyoupenda muujiza kuliko wanavyompenda mtoto, na hakuna hata mmoja kati yao anayejiona mbaya.

Na dini zenyewe zilishaliona hili kabla ya sisi. Qurani kwenye Sura ya Baqara, aya ya 184 na 185, inampa mgonjwa ruhusa ya kutofunga na inasema wazi kwamba Mwenyezi Mungu anatutakia wepesi na hatutakii uzito. Kanisa Katoliki halimlazimishi mgonjwa mfungo wa Jumatano ya Majivu wala Ijumaa Kuu. Na kwenye Biblia, 1 Wafalme 19, Eliya kachoka mpaka anaomba afe, analala chini ya mti, malaika anakuja na hampi mahubiri, anampa mkate na maji na kumwambia inuka ule, Eliya anakula na kulala tena, na malaika anarudi mara ya pili na kumwambia ale tena. Binti aliyegunduliwa na ugonjwa huu, Ramadhani au Kwaresima kwake ni hatari kwasababu inampa kificho kizuri kuliko vyote, kwahiyo shehe au padri au mchungaji anayemwambia mwanangu wewe ibada yako mwaka huu ni kula, huyo anafuata maandiko sawasawa.

Basi mapenzi. Riwaya nyingi za dini za mabinti, hasa za Kimarekani zinazozunguka kwenye simu, zina njia moja, binti anaumwa, anakutana na kaka mpole wa kanisani, kaka anamuona mzuri, binti anaokoka upya, sura ya mwisho anakula keki ya harusi. Nazielewa kwanini zinapendwa na sio kwamba ni mbaya zote, zingine zimeandikwa na watu waliopitia humo. Tatizo ni kwamba zinamfundisha msichana kungoja mtu. Na zinamfundisha kijana kwamba asipopona basi upendo wake ulikuwa mdogo.

Hapa kuna jambo la kisayansi ambalo ukilijua unawahurumia wote wawili. Mwaka 1944 na 1945, chuo kikuu cha Minnesota Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwachukua vijana 36 wa kiume, wazima wa akili na mwili, waliokataa kushika silaha vitani, wengi wao kwa sababu ya imani, wakajitolea kushindishwa na njaa kwa miezi sita ili madaktari wajifunze jinsi ya kuwalisha watu wa Ulaya baada ya vita. Hawa hawakuwa na ugonjwa wowote wa ulaji. Lakini njaa ilipokolea walianza kuota chakula, kusoma vitabu vya mapishi kama riwaya, kulamba sahani, kukasirika kwa vitu vidogo, kujitenga na wenzao, na hamu yao kwa wanawake ikazimika. Walipoanza kulishwa tena wengine walikula na kula bila kushiba kwa miezi. Yani njaa peke yake, bila kitu kingine, inabadilisha akili na moyo. Kwahiyo ukisoma binti wa riwaya kawa baridi kwa mchumba wake, anamjibu mkato, hataki kushikwa, usiseme hampendi. Mwili wenye njaa umezima taa za vyumba visivyo vya lazima na chumba cha mapenzi ni kimojawapo. Ndo maana madaktari wanaanza na chakula kabla ya mazungumzo marefu ya moyoni, ubongo usiolishwa hauna nguvu ya kuzungumza.

Hapo msomaji makini ataniuliza, sasa kama chakula ndo dawa, Babamukuru alikosea nini? Si alimlisha? Hili swali nalipenda. Hospitali ya Maudsley, London, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 70 kuingia 80 walitengeneza tiba ya familia ambayo wazazi kweli ndo wanashika jukumu la kumlisha mtoto. Wanakaa naye kila mlo, wanamwambia tunajua unaogopa na tupo hapa, wanautenga ugonjwa na mtoto, hawamlaumu na hawajilaumu, na akishakula wanabaki naye mpaka ile hofu ipite. Babamukuru alitaka sahani iishe ili heshima yake ibaki. Chakula ni kilekile, anayepiganiwa ni mwingine. Upendo unasaidia sana kwenye ugonjwa huu, ila ni upendo wa kukaa mezani dakika arobaini na kijiko, mara tatu kwa siku, kwa miezi, na huo hauna mvuto kwenye sura ya mwisho ya riwaya.

Na wanapona? Wengi wanapona, sio kwa mara moja na sio wote, na tusifiche kwamba anoreksia inaua kuliko magonjwa mengi ya akili, moyo unashindwa au mtu anakata tamaa ya kuishi. Dangarembga aliendelea na hao mabinti kwenye vitabu vingine viwili, The Book of Not mwaka 2006 na This Mournable Body mwaka 2018, na kwenye hicho cha mwisho Nyasha ni mtu mzima, yupo Harare, ana mume na watoto na anafundisha wasichana. Hana maisha mepesi, hela inasumbua, ila yupo na anakula na watu wake. Nilifurahi sana nilipolijua hilo, maana miaka yote wasomaji walikuwa wanamzika.

Kuhusu kuvigawa hivi vitabu, naomba tuwe makini. Kuna riwaya zinazotaja kilo na idadi ya kalori ukurasa baada ya ukurasa, na mgonjwa anazisoma kama darasa, anachukua mbinu na anaanza kushindana na binti wa kitabuni. Kabla hujampa mtu pitia mwenyewe kwanza. Nervous Conditions haina hesabu hizo na ndo sababu nyingine ninaipendekeza, ila hata hiyo ningempa mama kabla ya binti, au shangazi, au mwalimu wa malezi shuleni, mtu ambaye akifika pale bafuni atamkumbuka binti fulani anayeinuka mezani haraka kila baada ya kula. Akimkumbuka, asimkabili mbele za watu na asitaje mwili wake, si umekonda si umependeza. Amkute pembeni amwambie tu mwanangu nimeona chakula kinakutesa, sikugombezi, twende tukaongee na daktari pamoja. Najua mtu akisikia daktari wa akili kichwa kinaenda Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, moja kwa moja, lakini unaweza kuanza na daktari wa kawaida wa hospitali ya wilaya, apime presha, mapigo ya moyo na potasiamu kwenye damu kwasababu kujitapisha kunaishusha na moyo unaweza kusimama, halafu yeye ndo awaelekeze kitengo cha afya ya akili. Akizimia, kifua kikimuuma, moyo ukienda ovyo, akitapika damu au akisema hataki kuishi tena, ni hospitali siku hiyohiyo. Na aliyekaa na njaa muda mrefu msimrundikie sahani kubwa nyumbani kwa huruma, mwili wake ukilishwa kingi ghafla madini kwenye damu yanaporomoka na anaweza kufa akiwa anakula, aanze kulishwa chini ya macho ya daktari.